Vioo Vilivyoutazama Meru

Mlima Meru haupigwi picha saa sita mchana. Aliyekulia Tengeru, chini ya mlima huo karibu na Arusha, anajua: alfajiri kilele kiko wazi, kimechongoka, na mabonde yake unaweza kuyahesabu moja moja. Ikifika saa nne wingu linaanza kupanda kutoka migombani, na adhuhuri mlima umeshajifunika shuka. Utausubiri hadi jioni, na siku nyingine hautoki kabisa. Anayeitaka picha ya Meru huamka mapema, akasimama ukingoni mwa Ziwa Duluti au kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko, akasubiri.

Mimi husubiri na lenzi ya zamani. Inaitwa Helios 44-2, imetengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, na uzito wake haufiki robo kilo. Haina mota wala betri, wala haina namna yoyote ya kuzungumza na kamera. Ina pete tatu tu: moja ya kutafuta fokasi, mbili za kufungua na kufunga tundu la mwanga. Ukiichungulia kwa ndani utaona vibamba vinane vyembamba vya chuma vinavyojikunja na kujikunjua kama mboni ya jicho. Mbele, kuzunguka kioo, pamechongwa jina lake na namba yake. Tarakimu mbili za kwanza za namba hiyo, kwa desturi ya kiwanda kile, ni mwaka. Yangu inaanza na 78.

Kwa hiyo najua lenzi yangu ilizaliwa mwaka gani na wapi. Siku moja nilikuwa na picha ya zamani mkono mmoja, lenzi mkono wa pili, ndipo jambo hili liliponichoma. Katika picha ile alisimama msichana wa Kimeru mwenye shanga shingoni, akitazama mbele bila kupepesa. Karibu kila lenzi iliyowahi kuelekezwa kwenye mlima huu ilikuwa na jina na namba. Msichana yule hana. Historia ninayoisimulia hapa ni ya vioo, lakini nimeiandika kwa ajili yake.

Hadi miaka ya 1880 lenzi nyingi zilikuwa na kasoro moja kubwa: katikati ya picha huwa safi, pembeni hufifia na kupinda. Dawa yake ilipatikana Jena, Ujerumani. Huko Otto Schott, Ernst Abbe na Carl Zeiss walianzisha mwaka 1884 kiwanda cha kuyeyusha aina mpya za kioo. Mwaka 1890 Paul Rudolph wa Zeiss akabuni lenzi iliyotoa picha kali kutoka kona hadi kona. Miaka miwili baadaye Emil von Höegh akaipa kampuni ya Goerz ya Berlin lenzi iliyokuja kujulikana kwa jina la Dagor, na mwaka 1902 ikatoka Tessar, vioo vinne tu, lakini kali kiasi kwamba wenyewe waliisifu kama jicho la tai. Ni vioo vya namna hiyo vilivyopakiwa melini kuja pwani ya Afrika Mashariki, vikapandishwa bara vichwani mwa watu.

Wakati huo nchi ya Wameru ilikuwa na majeraha mabichi. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, mwendo mfupi kutoka Tengeru ya leo. Wajerumani walilipiza kwa moto na kwa kunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1900 Mangi Lobulu, chifu wa Meru, alinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachagga na viongozi wengine. Boma la Arusha, lile jengo jeupe ambalo sasa ni makumbusho, lilijengwa kwa kazi ya shuruti. Kisha, mwaka 1902, wamisionari wakarudi na kufungua kituo Nkoaranga, juu kwenye miteremko. Walikuja na Biblia, na dawa, na kamera.

Picha walizopiga zilihifadhiwa Leipzig, na nyingi zinaweza kuonekana leo kwa intaneti kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Nimezitazama usiku mwingi. Kabla ya kuzihukumu ni vizuri kujua zilivyopigwa. Kamera ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akatazama kioo chenye ukungu mgongoni mwa sanduku. Humo aliiona dunia imepinduka: migomba ikining'inia kutoka juu, watu wakisimama kwa vichwa, mlima ukiwa chini. Akasogeza lenzi mbele na nyuma kwa mkono mpaka nyuso zikakaa sawa. Kisha akafunga tundu, akachomeka bamba la kioo lenye dawa, akawaamuru watu watulie. Ukimwona mtoto mwenye vichwa viwili katika picha za namna ile, si mzimu. Aligeuka kutazama kuku.

Jambo jingine lililo katika picha zile halikutokana na lenzi, bali na dawa ya mabamba. Iliiona sana rangi ya bluu, na nyekundu haikuiona kabisa. Ndiyo sababu anga ya Meru katika picha nyingi za enzi hizo ni karatasi tupu, na mlima wenyewe, uliojaa bluu ya umbali, huyeyuka humo. Udongo mwekundu waliojipaka vijana hutoka mweusi kama masizi. Ngozi zetu, zenye wekundu mwingi ndani yake, zilitoka nyeusi kupita zilivyokuwa, na maumbo ya nyuso yakazama. Vizazi vya wasomaji wa Ulaya walitutazama kupitia dawa isiyoweza kutuona vizuri, wakaamini wametuona.

Mtu aliyeleta lenzi kubwa katika nyika hizi ni Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyezaliwa Düren mwaka 1865. Alifika mara ya kwanza mwaka 1896 na akarudi tena na tena hadi safari ya 1903 na 1904. Alizunguka kati ya Kilimanjaro, Meru na mbuga za Wamasai. Alibeba kamera za Goerz, lenzi ndefu za kuvuta vitu vya mbali, na unga wa magnesiamu wa kuwasha mwanga usiku. Lenzi zile ndefu zilikuwa vipofu nusu. Zilihitaji jua kali na mnyama aliyetulia, na picha nyingi ziliharibika kabla ya moja kufaulu. Usiku alitega kamera kwenye njia ya maji au karibu na mnyama aliyefungwa awe chambo. Simba akija, uzi unavutika, unga unalipuka, na bamba linashika alichokuwa akifanya simba sekunde ile. Kitabu alichokitoa mwaka 1905 kiliunganisha mwako wa taa na bunduki hata katika jina lake, na kilisomwa sana. Cha pili, cha 1906, kilibeba jina la leleshwa, ule mti wenye majani ya kunukia ambayo Wamasai huyaweka kwapani.

Kiswahili hutumia kitenzi kilekile kwa vitu hivyo viwili: kupiga risasi, kupiga picha. Kwa Schillings kitenzi kilikuwa kimoja kwelikweli. Aliua wanyama wengi kwa ajili ya makumbusho ya Ujerumani, na wakati huohuo alilia kwa maandishi kwamba wanyama wanakwisha. Sina haja ya kumpunguzia heshima. Picha zake za usiku ni miongoni mwa za kwanza duniani za wanyama huru gizani, na zilipigwa katika nchi yetu. Lakini naufikiria mzigo. Mabamba ya kioo ni mazito, na yakipasuka safari imekwenda bure. Zaidi ya wapagazi mia walitembea naye, na baadhi yao walibeba vioo hivyo kichwani juani, wiki baada ya wiki, kwa hatua za kunyata. Picha zile ni kazi ya shingo zao pia. Wengi wao hatuwajui hata kwa jina la kwanza.

Walther Dobbertin nitampitia haraka. Alikuwa mpiga picha wa kazi katika koloni, akawa mwanajeshi vita vilipozuka mwaka 1914, na picha zake za askari na za miji sasa zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Kila kitabu cha shule chenye picha ya askari wa Kijerumani na tarabushi yake kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimeazima jicho lake.

Vita vikubwa vya pili ndivyo vilivyoifanya Tengeru yenyewe kuwa mahali pa picha.

Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Stalin uliwahamisha kwa nguvu Wapolandi kwa mamia ya maelfu hadi Siberia na Kazakhstan. Waliofunguliwa walitoka na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders hadi Uajemi mwaka 1942, na kutoka huko wanawake, watoto na wazee wakapelekwa mbali na vita. Wapolandi wapatao 18,000 au zaidi waliletwa Afrika. Kambi yao kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, watu karibu 5,000, wengi wao akina mama na watoto, wengi yatima. Waliishi katika nyumba za mviringo zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa nyasi. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na bustani, na juu ya yote hayo ukawepo mlima. Watoto waliokuwa wameona theluji inayoua waliona theluji ya Kilimanjaro kwa mbali, nayo haikuwadhuru.

Picha za Tengeru zimetawanyika katika albamu za familia Uingereza, Kanada, Australia na Poland. Nyingi ni ndogo, kingo zimekatwa mawimbi. Kamera za kukunja za wakati ule zilitumia mkanda mpana wa filamu, na lenzi zake zilikuwa na kipimo cha umbali kwenye pete, kwa mita au kwa futi. Hapakuwa na chombo cha kukuthibitishia. Ulikadiria: kutoka hapa mpaka kwa yule msichana ni hatua nne, basi weka mita tatu, omba Mungu. Ukiona picha ambayo ukuta wa nyuma ni mkali kuliko uso wa mama, ujue mpiga picha alikosea hatua moja. Lenzi nyingi za kabla ya vita hazikuwa na utandu wa kuzuia mwanga kurudi. Ubunifu huo Alexander Smakula wa Zeiss aliupatia hataza mwaka 1935, na ulichelewa kuwafikia watu wa kawaida. Kwa hiyo magauni meupe ya komunyo ya kwanza, yakipigwa na jua la Tengeru, yanamwaga mwanga nje ya mipaka yake. Wasichana wanaonekana kana kwamba wanawaka. Ni kasoro ya kioo. Sijawahi kutamani irekebishwe.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1949 yatima zaidi ya mia moja walipelekwa Kanada kupitia Italia, wakiongozwa na padri Lucjan Królikowski. Wengine walitawanyika. Kilichobaki ni makaburi karibu 150 ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yamezungushiwa ukuta, yanafagiliwa, na kila moja lina jina. Wapolandi walijua kuandika majina. Watu waliotolewa kwao usiku kwa dakika chache za kufunga mizigo huwa hawafanyi mzaha na majina.

Nimewahi kusimama pale na wageni waliokuja na picha ya bibi yao. Swali lao lilikuwa moja: alisimama wapi? Nyumba hazipo, miti imebadilika, njia zimehama. Kitu pekee kisichohama ni mlima. Nilifunga Helios kwenye kamera, kwa kuwa upana wa milimita 58 hauko mbali na lenzi za kawaida za kamera zile, nikaanza kutembea. Unashikilia picha mkono mmoja, unatazama kwa kamera mkono wa pili. Kilele kikiwa kushoto mno kwa lile bega la mashariki, unasogea. Kikiwa kirefu mno, unarudi nyuma. Kama saa nzima tulitembea katika majani ya malisho, ng'ombe wakitutazama, mpaka mstari wa mlima katika picha na mstari wa mlima katika kioo ukawa mmoja. Mjukuu akasimama pale. Nikazungusha pete polepole mpaka macho yake yakakaa. Hakuna aliyesema neno.

Kisha nikaitazama tena picha ya bibi, nikaona nilichokuwa sijakiona. Pembeni, nusu amekatwa na ukingo, alikuwepo mwanamume Mwafrika amebeba kitu begani. Nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino, yalikuwa majina ya Wapolandi wote wanne. Yeye hakuandikwa.

Miaka ileile kambi ilipokuwa ikifungwa, Wameru kama 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, mwezi Novemba 1951, nyumba zao zikachomwa ili ardhi ipewe walowezi. Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952 na kuisema kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton. Mmeru mwenye jina kamili, ndani ya kumbukumbu za dunia. Inawezekana kumbe.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, mlima ulitazamwa na lenzi za Hollywood. Howard Hawks alikuja Momella, upande wa pili wa Meru, kupiga filamu ya Hatari!, akiwa na John Wayne na Hardy Krüger. Watu wa Arusha wenye umri mkubwa bado wanaisimulia. Filamu ilitoka 1962, na Russell Harlan aliyesimamia kamera alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Waigizaji waliwakimbiza vifaru na twiga kwa magari kwelikweli. Ninapoitazama, namfikiria mtu mmoja asiyeonekana: mvuta fokasi. Katika filamu za sinema fokasi huvutwa kwa mkono. Ilikuwa hivyo wakati ule na kwa sehemu kubwa iko hivyo hadi leo, katika filamu za mamilioni ya dola. Gari linaruka kwenye mashimo, kifaru anakata kona, vumbi limejaa, na mtu mmoja ana vidole kwenye pete, anakadiria umbali kwa jicho na kwa mazoea. Vijana wanaoniambia lenzi ya kuzungusha kwa mkono ni kitu cha wasiojiweza, huwapeleka waitazame Hatari! kwanza.

Lenzi yangu ina ukoo, na ukoo wenyewe ni wa vita. Kabla ya vita Zeiss ya Jena ilikuwa na lenzi iitwayo Biotar, milimita 58, vioo sita. Mwaka 1945 Wamarekani walifika Jena kwanza. Kabla ya kuukabidhi mji kwa Warusi, waliondoka na wataalamu, na Zeiss ikawa mbili, moja Magharibi na moja Mashariki. Warusi nao waling'oa mitambo na kuipeleka kwao kama fidia. Biotar ikazaliwa upya Krasnogorsk kwa jina la Helios-44. Iliuzwa kwa mamilioni na kamera za Zenit, zile nzito kama tofali, kwa bei nafuu, na mdomo wake ulikuwa wa kufungia kwa kuzungusha kama mfuniko wa chupa, kipimo cha milimita 42. Kipimo hicho kilitumiwa pia na Praktica za Ujerumani Mashariki na Pentax za Japani, kwa hiyo lenzi ya mmoja iliingia kwenye kamera ya mwingine bila kuuliza itikadi. Wajapani, kwa upande wao, walileta Nikon F mwaka 1959, na waandishi wa habari wa dunia nzima wakaihamia.

Ndipo picha zikaanza kuwa zetu. Unguja tayari palikuwa na studio za Wagoa na Wahindi tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza tangu 1930. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963. Mijini, Arusha ikiwemo, watu walivaa vizuri, wakaenda studio, wakasimama mbele ya pazia lenye bahari iliyochorwa. Mpiga picha aliinama, akazungusha pete, akasema tulia. Mara hii aliyesimama mbele ya lenzi ndiye aliyelipa. Alichagua shati lake. Alirudi siku ya tatu picha ikishasafishwa, akaandika nyuma: kwa mpenzi mama, ukumbusho, na jina. Kwangu hayo ndiyo mapinduzi makubwa katika historia hii yote, kuliko Tessar, kuliko lenzi ndefu za Schillings.

Miaka ya 1970 na 1980 mikanda ilikuwa haba, fedha za kigeni zilikuwa haba zaidi. Aliyekuwa na picha 36 kwenye mkanda hakupiga ovyo. Alijua kwa moyo kwamba kwa filamu ya 100, jua likiwa wazi, unaweka shata 1/125 na tundu f/16, na kwamba chini ya mgomba unafungua tundu hatua tatu. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera inayotafuta fokasi yenyewe, na Canon ikafuata 1987 kwa mdomo mpya uliozikataa lenzi zake za zamani. Kufikia wakati Arusha inakuwa mji wa mikataba ya amani, ule wa Rwanda wa Agosti 1993 na ule wa Burundi wa Agosti 2000, lenzi za mkono zilikuwa zimeshaanza kuingia chini ya vitanda. Kisha kamera za kidijitali zikamaliza kazi.

Lenzi za mkono zilirudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera isiyo na kioo cha ndani cha kurudisha taswira, na mwaka 2013 Sony ikatoa ya namna hiyo yenye kihisi kikubwa sawa na fremu ya mkanda. Bila kile kioo, lenzi inaweza kukaa karibu sana na kihisi: milimita 18 kwa Sony. Lenzi za mdomo wa milimita 42 zinataka kukaa milimita 45.46. Tofauti ni 27.46, basi fundi anatengeneza pete tupu ya chuma ya unene huo, unaifunga katikati, na kioo cha 1978 kinaona kwa ubongo wa leo. Pete hiyo ya adapta haina kioo wala waya ndani yake. Ni hewa iliyopimwa.

Nikienda soko la Tengeru Jumamosi huchukua lenzi ya milimita 35, naiweka f/8, pete kwenye mita tatu, kisha siigusi tena. Kila kitu kati ya mita mbili na saba kitakuwa sawa, na mikono yangu iko huru kusalimia. Lakini uso wa mtu naupiga kwa Helios, tundu wazi, kutoka mita moja. Hapo kilicho kikali ni sentimita tatu na nusu tu. Ukikaa sawa kwenye jicho, sikio limeshapotea, na ndizi zilizo nyuma zinakuwa mviringo wa mwanga unaozunguka. Kazi hiyo haifanyiki kwa siri. Mama muuza maparachichi ananiona, ananiuliza nafanya nini, ananiambia subiri nifunge kilemba. Nazungusha, anapumua, nakosa, tunacheka, narudia. Lenzi inayotafuta yenyewe ingekuwa imeshamchukua kabla hajajua. Hii ya mkono inanilazimisha niombe ruhusa, na nikishaomba ruhusa siwezi kuondoka bila kuuliza jina.

Adui yake katika nchi hii ni kuvu. Masika ya Meru yanaingia kila mahali, na mfuko wa ngozi wa kamera hushika unyevu kama sifongo. Kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui na mwishowe hula utandu wenyewe. Basi usiihifadhi lenzi kwenye mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila baada ya muda itoe juani asubuhi, mfuniko ukiwa wazi, lakini usiielekeze juani na kuisahau mezani, itakuunguzia kitambaa. Takumar za zamani zilizogeuka njano kama chai, zile zenye thoriamu katika kioo chake, nazo husafika kwa jua la wiki kadhaa.

Najua lenzi kama hizi bado zipo. Zimo katika masanduku ya bati Nkoaranga, Usa River, Akeri, Sing'isi, na mjini Arusha, za babu aliyekuwa mwalimu, za shangazi aliyefanya kazi serikalini. Kabla ya kuiuza kwa anayenunua vyuma chakavu, zungusha pete. Ikiwa inazunguka, inaona. Na kando yake, nina hakika, iko bahasha ya picha. Zitoe leo, mpelekee mzee aliye hai, muulize huyu ni nani na huyu, kisha andika majina nyuma kwa penseli. Usiandike kwa kalamu, kwa sababu wino hupenya hadi mbele.

Yule mwanamume wa pembeni, mwenye mzigo begani, bado namtafuta. Picha ilipigwa Tengeru kati ya 1942 na 1950, mlima ukiwa wazi, kwa hiyo huenda ilikuwa asubuhi. Kama ni babu yako, nitafute.